Kuishi Chomboni Mkiwa Wawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Mwenzi

Majibu haya yanawahusu wawili wanaoishi, au wanaojiandaa kuishi, ndani ya yoti ya matanga ya meta 10 hadi 12 yenye injini ya dizeli, wakitembea mwambao wa Kenya na Tanzania na visiwa vyake. Mwenye katamarani au chombo kikubwa zaidi atabadilisha vipimo, ila mgawanyo wa kazi ni uleule. Tunaposema mwenzi tuna maana ya mume, mke au yeyote unayeshiriki naye chombo. Mambo ya mikono tumeyaweka mbele ya mambo ya moyo, kwa sababu hofu nyingi hupungua mtu anapojua la kufanya.

Mwenzi wa kutegemewa chomboni ni yupi? Si yule mvumilivu tu?

Uvumilivu unasaidia, lakini haumtoi majini mtu aliyeanguka. Chombo cha watu wawili hakina baharia wa akiba. Nahodha akivunjika mkono au akishikwa na homa, aliyebaki ndiye nahodha, sarahangi na mpishi. Kwa hiyo sisi tunauliza swali moja: je, kila mmoja wenu anaweza kukifikisha chombo mahali salama pa kutia nanga bila mkono wa mwenzake, mchana, kwenye upepo wa kawaida?

Ili jibu liwe ndiyo, wote wawili lazima waweze kazi tano: kuwasha na kuzima injini, kutia na kung'oa nanga, kutua na kupunguza matanga, kutumia redio, na kurudisha chombo kwa mtu aliyeanguka baharini. Kazi nyingine zote, kuanzia hesabu za pesa hadi kusafisha ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo), gawaneni kwa kadiri ya kipaji na mapenzi ya kila mtu.

Mume wangu ndiye mwenye ndoto hii, mimi nimekubali tu. Nianzie wapi?

Anzeni na majira. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma, na chombo kinachoshuka kutoka Lamu au Kilifi kwenda Tanga na Unguja huwa na upepo mgongoni. Aprili huingia kusi pamoja na mvua za masika, na kati ya Juni na Agosti kusi huwa kali, bahari ya nje ya miamba ikafura. Mkondo wa pwani nao huenda kaskazini mwaka mzima mpaka maeneo ya Malindi, na wakati wa kusi unaweza kufikia noti (maili za baharini kwa saa) 3 au zaidi. Mtu mgeni akichukuliwa Julai, akabishwa kutoka Mombasa kwenda Tanga huku upepo na mkondo vyote vikimpiga usoni, atajifunza jambo moja tu: kwamba bahari ni mateso. Hata wakati wa kaskazi, upepo unapopingana na mkondo mawimbi huwa mafupi na ya kuvunjika, basi pitieni ndani ya miamba panapowezekana.

Safari za mwanzo ziwe za mchana, zisizozidi saa 5, yaani kama maili 25. Kabla ya kuachia nyumba, laleni chomboni wiki 2 mfululizo kikiwa nangani. Joto, mbu, mtikisiko na ufinyu vitajitokeza vyote ndani ya siku hizo, na bado mtakuwa na pa kurudi.

Jifunze usukani na matanga kwa mtu mwingine, si kwa mume wako peke yake. Nahodha wa mahali au mwalimu wa kwenye klabu ya yoti atakusahihisha bila kuingiza ya nyumbani, na utarudi chomboni ukiwa na maarifa ambayo hayakupitia kwake.

Mwenye ndoto naye ana deni lake. Fedha na saa za mwanzo aziweke kwenye yale yanayomkera mwenzake, hata kama yeye anaona rada ndiyo muhimu. Mara nyingi ni mambo madogo: feni ya volti 12 kitandani (ya kisasa haili hata ampea moja), godoro la maana, chandarua cha kila dirisha la juu, ngazi imara ya kupandia kutoka majini.

Na wekeni neno la kurudi. Yeyote akilitamka, chombo kinageuzwa au kinapunguzwa matanga papo hapo. Mjadala unasubiri mpaka nanga ishike.

Nani awe nahodha?

Mmoja kwa kila safari, na mlitaje jina lake kabla ya kung'oa nanga. Bahari haisubiri kikao. Lakini badilishaneni: leo huyu, kesho yule. Asiyewahi kuamua wakati bahari imetulia hataweza kuamua siku imechafuka.

Tunagombana kila tukitia nanga. Kosa liko wapi?

Kosa la kwanza ni kupigiana kelele. Aliye omo (mbele ya chombo) haisikii sauti ya tezi (nyuma) kwa sababu ya injini na upepo, hivyo wa nyuma anapaza sauti, wa mbele anaona anafokewa. Acheni maneno, tumieni mikono: mkono ulionyoshwa mbele, songa, mkono uliorudi nyuma, rudi, mkono wa kando, geuza upande huo, kiganja wazi juu, toa gia, ngumi, simama. Mazoezi yake ni robo saa tu, tena injini ikiwa imezimwa.

Kosa la pili ni mgao wa nafasi. Mara nyingi mwanamume hushika usukani na mwanamke akaachiwa minyororo. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa kilo 2.3 hivi kwa kila meta, hivyo meta 45 zinakaribia kilo 100. Kama hamna winchi ya nanga, au imeharibika, mwenye mgongo wenye nguvu ndiye akae omo. Kama winchi ipo, badilishaneni kila mara. Vidole na miguu vikae mbali na mnyororo unaoteremka.

Kosa la tatu ni hesabu, na hili ndilo linaloharibu vyombo. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji yetu hupanda na kushuka meta 3 na ushei Mombasa, na hukaribia meta 4 Unguja na Tanga. Bamvua hujaa kabisa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Tuseme mmefika saa 4 asubuhi, kina ni meta 4. Jioni kitakuwa meta 8. Ongeza meta 1 ya kimo cha omo kutoka majini, jumla 9. Zidisha kwa 5: mnyororo meta 45. Aliyepigia hesabu kina cha asubuhi angetoa meta 25, na ifikapo jioni urefu huo haufiki hata mara 3 ya ile jumla ya meta 9. Upepo ukizidi kidogo nanga inaburuta. Ukifika maji yakiwa yamejaa, hatari ni ya upande wa pili: kina cha meta 5 kitabaki meta 1, na mkuku wenu (uti wa chini wa chombo) unataka meta 1.8. Hakikisheni pia mnajua kipima kina chenu kinahesabu kutoka juu ya maji au kutoka chini ya mkuku.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tafuteni doa la mchanga, si matumbawe. Nanga huyavunja, na mnyororo hujizungusha humo ukakataa kutoka. Simamisheni chombo kikielekea upepo, teremsheni nanga mpaka iguse chini, kisha acheni chombo kirudi nyuma taratibu huku mnyororo ukitolewa kidogo kidogo. Ukilundikwa wote mahali pamoja utajifunga kwenye nanga. Ukishatoka wote, rudisheni nyuma kwa injini, kwanza polepole, kisha mizunguko 1,800 hivi kwa dakika, kwa muda wa nusu dakika. Aliye omo aweke kiganja juu ya mnyororo: nanga inayoburuta hutuma mtetemo, iliyoshika hukaza kimya. Kila mmoja achague vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mnazi na pembe ya nyumba, na aangalie kama vinaachana. Malizieni kwa kufunga kamba ya nailoni ya meta 5 hadi 10 kwenye mnyororo ili ibebe mvuto badala ya winchi. Maji yakiwa meupe, mmoja ashuke na miwani ya kuzamia aione nanga kwa macho.

Mwenzangu akianguka baharini nami niko peke yangu, nifanye nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Kwa noti 5 chombo kinakwenda kama meta 150 kwa dakika, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya meta 1 hupotea machoni mapema sana. Maji yetu ni ya nyuzi 25 hadi 29, baridi haiui haraka. Mtu hupotea kwa sababu ameachwa mbali, au kwa sababu aliyebaki ameshindwa kumpandisha.

1. Tupa boya na taa yake mara moja, bonyeza kitufe cha kuweka alama ya mahali kwenye GPS. Usimwondolee macho.
2. Geuza usukani chombo kivuke upepo, kamba ya tanga la mbele iache ilivyofungwa. Tanga hilo litajaa upepo kinyume na chombo kitakaribia kusimama. Hatua hii peke yake hukuweka karibu naye, na ndiyo watu husahau wakitaka kwanza kutua matanga.
3. Tazama kamba zilizodondoka majini, ndipo uwashe injini. Kamba moja kwenye rafadha (panga la kusukuma chombo) na umepoteza injini.
4. Kunja tanga la mbele, kaza tanga kubwa katikati.
5. Mwendee ukielekea upepo, polepole, ufike awe kwenye ubavu wa chombo, si tezi. Tezi hupanda na kushuka na mawimbi, inaweza kumpiga kichwani. Toa gia kabla hajafika karibu na rafadha.
6. Mfunge kwanza kwa kamba yenye kitanzi chini ya makwapa. Kumpandisha kuje baadaye. Ukishamfunga hawezi kukupotea tena.
7. Mpandishe kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) ya tanga kubwa kupitia winchi, au kwa seti ya kapi zinazopunguza uzito mara 4. Mtu aliyelowa na kuchoka hanyanyuliki kwa mikono, hata kama wewe una nguvu.

Kama kwa dakika chache humwoni, au huwezi kumpandisha, toa mwito redioni. Usisubiri mpaka ukate tamaa.

Fanyeni mazoezi kila mwezi. Fungeni dumu la lita 20, lijazwe maji nusu, kwenye boya la ubavuni mwa chombo, mlitupe. Nahodha wa siku hiyo ndiye "ameanguka": anakaa pembeni kimya kabisa, hata akiona kosa. Mara ya kwanza mwenzi anaweza kuchukua dakika 15. Akifikia 5 mko pazuri.

Na kinga ni rahisi kuliko uokozi. Usiku, aliye peke yake juu amejifunga kwa mshipi wa usalama. Hakuna atokaye kwenye nafasi ya usukani kwenda omo bila kumwamsha mwenzake. Na wanaume waende chooni kukojoa, wasisimame pembeni mwa chombo.

Zamu za usiku tuzigaweje?

Mombasa hadi mji wa Unguja ni kama maili 130, siku nzima na usiku wake kwa noti 5. Zamu za saa 3 zinafaa wengi: saa 12 jioni hadi 3, 3 hadi 6, 6 hadi 9, 9 hadi 12 asubuhi. Anayeshindwa kuamka alfajiri apewe ya kwanza na ya tatu.

Meli inayoonekana kwenye upeo wa macho inaweza kuwafikia ndani ya dakika 15 hadi 20, hivyo mzunguke na macho pande zote kila dakika 10. Karibu na pwani punguzeni hata hizo, maana mitumbwi na ngalawa nyingi huvua bila taa, na nyavu hutandazwa mbali na mashua yenyewe.

Andikeni kwa kalamu sababu za kumwamsha mwenzako na mzibandike mahali: meli ikiwa ndani ya maili 3, upepo ukizidi noti 20, sauti ya injini ikibadilika, kina kikishuka kuliko ramani inavyosema, au shaka yoyote. Aliyeamshwa haruhusiwi kulalamika. Akinuna mara moja tu, mara nyingine hataamshwa, na hiyo itakuwa ndiyo siku alipohitajika.

Maji na umeme: wawili wanahitaji kiasi gani?

Maji baridi (yasiyo ya chumvi) lita 15 hadi 20 kwa siku kwa wote wawili, mkioga kwa maji ya bahari na kujisuuza kwa lita 2 za maji baridi, na vyombo vikioshwa vivyo hivyo. Tangi la lita 300 ni wiki 2. Mabomba ya bandarini hayatabiriki, basi wekeni madumu ya lita 20 manne pembeni ambayo hayaguswi.

Umeme ni kama ampea-saa 100 kwa siku kwenye volti 12, na friji peke yake hula 40 hadi 60. Paneli za wati 400 zinatosha siku za jua. Masika hazitoshi, mtawasha injini. Betri za asidi zisishuke chini ya nusu, yaani volti 12.2 zikiwa zimepumzika. Zikishushwa mara kwa mara hufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mmoja wenu asome kipimo asubuhi na jioni na aandike. Ugomvi wa "nani ameacha taa" huisha tarakimu zikiwa mezani.

Mke wangu anaogopa gesi ya kupikia. Nimwambieje?

Mwambie ana haki. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani hutoka mlangoni, ila chomboni huteremka ngamani na kukaa humo ikisubiri cheche. Mtungi ukae juu, kwenye sanduku lenye tundu chini linalomwaga nje ya chombo. Valvu ya mtungi ifungwe kila mkimaliza kupika, huku moto ukiwaka, ili gesi iliyobaki kwenye mpira iungue. Mpira wenyewe ubadilishwe kabla haujaanza kupasuka, na viungo vipimwe kwa povu la sabuni.

Mkisikia harufu: fungeni valvu, msiguse swichi yoyote, hata ya pampu ya ngama, fungueni milango na madirisha yote, kisha vuteni hewa ya ngamani kwa pampu ya mkono au chota kwa ndoo na kuimwaga nje, kama mnavyofua maji. Mtungi wa kilo 6 hutosha wawili kama mwezi mmoja.

Choo kimeziba tena. Nani afungue?

Aliyekiziba anasaidia na aliyekizoea anafundisha. Hakuna kinachoingia humo isipokuwa kile mwili umetoa. Karatasi ziende kwenye kindoo chenye mfuniko. Harufu na ugumu wa pampu mara nyingi hutokana na chokaa inayojijenga ndani ya mabomba mkojo unapokutana na maji ya bahari. Mimina nusu lita ya siki kila wiki, pampu kidogo iingie kwenye bomba, iache usiku kucha. Fungeni valvu zake kila mnapoondoka, na pembeni ya kila valvu iliyo chini ya mstari wa maji ning'inizeni kizibo cha mti laini kinachoingia tundu lake. Mwenzi ajue valvu zote zilipo gizani, kwa kupapasa.

Mwenzi asiye fundi ajue nini kuhusu injini?

Mambo manne kabla ya kuwasha: oili, maji ya kupozea, mkanda, na chujio la maji ya bahari pamoja na valvu yake kama iko wazi. Jambo la tano ni baada ya kuwasha: kutazama nje kama maji yanatoka na moshi. Yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima.

Sababu za kawaida ni mfuko wa plastiki kwenye tundu la kunyonyea, valvu iliyosahauliwa, au impela (kigurudumu chenye mabawa kinachovuta maji ya bahari) iliyokatika mabawa. Kubadilisha impela ni skrubu chache na dakika 20, na kila mmoja aifanye mara moja kwa mikono yake. Bawa lililokatika litafutwe. Likibaki ndani husafiri mpaka kwenye kipoza na kukiziba, na injini itapata moto tena hata kwa impela mpya.

Injini ikikohoa na kuzima, mara nyingi ni dizeli chafu au hewa. Kwenye joto letu maji hujikusanya chini ya tangi na vijidudu huota humo, vikaacha ute mweusi kwenye chujio. Wekeni machujio 4 ya akiba, na mwenzi ajue skrubu ya kutolea hewa na kitufe cha pampu ya mkono. Zipakeni rangi nyekundu.

Ninatapika kila tukitoka. Je, sifai?

Wengi mwili huzoea baada ya siku 2 au 3 mfululizo, ingawa wachache hawazoei kabisa. Dawa inywewe usiku wa kabla ya safari, maana ikinywewa baada ya kichefuchefu kuanza hutapikwa. Tangawizi huwafaa baadhi. Shika usukani, tazama upeo wa macho, kula vikavu kidogo kidogo. Kazi ya mwenzio ni kupika mapema, kukuepusha na kushuka ngamani au kuinama kwenye injini, na kukuletea maji bila kuuliza mara kumi kama umepona. Ukishindwa kubaki na maji tumboni kwa siku nzima, tieni nanga.

Tumechoshana. Chombo ni kidogo, pa kukimbilia hakuna.

Meta 11 hazina chumba cha kununia, hivyo lazima upweke upangwe. Kila mmoja awe na kona isiyoguswa, hata kabati moja na upande wa kitanda. Awepo wa kwenda nchi kavu peke yake angalau siku moja kwa wiki, na boti ndogo iwe yake siku hiyo. Hapa ndipo wengi hukwama: anayejua kuwasha injini ya boti ndogo ni mmoja tu, basi mwingine ni mfungwa. Mfundishe. Injini ya mipigo miwili huchanganywa 50 kwa 1 nyingi kati ya za kisasa, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Soma kitabu cha yako. Kamba ya kuzimia ifungwe mguuni au mkononi kila mara. Na ajue saa za maji, asije akairudia boti imekaa juu ya mchanga meta 200 kutoka majini.

Wakati wa maleleji, kati ya pepo mbili, kuna siku hata upepo hautulii upande mmoja. Msilazimishe safari kwa sababu ya tarehe mliyoahidi watu. Magomvi mengi tunayoulizwa huanzia kwenye tarehe.

Mimi nafanya kazi nchi kavu, mwenzangu yuko chomboni. Nitasaidiaje?

Wewe ndiye utakayejua kuwa amechelewa. Kabla hajaondoka mwachie akuandikie: njia atakayopita, saa ya kuondoka, saa ya kutarajiwa kufika, mahali mbadala pa kujificha, idadi ya watu, rangi ya chombo na matanga, na saa ya mwisho ambayo ikipita bila habari utapiga simu. Weka nambari za kituo cha uokoaji baharini cha Mombasa au cha Dar es Salaam kwenye simu yako kabla ya siku hiyo. Saa ikifika, piga. Usimpe saa mbili za heshima.

Ikitokea msiba au harusi bara, chombo tunakiachaje?

Hili halikwepeki, na kuna wanaolazimika kuchagua mmoja abaki. Kama mnaondoka wote, msikiache kwa nanga moja. Tafuteni boya la kufungia ambalo mwenyewe anaweza kuwaambia uzito wake wa chini na siku minyororo ilipokaguliwa. Fungeni kwa kamba mbili, na mahali zinaposuguana na chombo zivalisheni mpira. Fungeni valvu zote isipokuwa za kutolea maji ya sitaha. Ondoeni tanga la mbele kabisa. Likijifungua kwenye kusi huchanika na kuvuta chombo kwenye boya. Friji itupu, mlango wazi. Swichi ya pampu ya ngama ibaki hai, na mwinue kielea chake kwa mkono kuhakikisha inapiga.

Mlinzi apewe malipo yaliyoandikwa, ufunguo, na kazi mbili za kila siku: kutazama ngama na kuwatumia picha ya chombo kikionekana na nchi kavu nyuma yake.

Na malaria?

Vyandarua kwenye kila tundu kabla ya magharibi, hata mkiwa meta 300 kutoka ufukweni, kwa sababu upepo wa nchi kavu wa usiku unaweza kuleta mbu. Bebeni vipimo vya haraka na dozi kamili ya dawa mseto kwa kila mmoja. Ya ALu (aina ya dawa mseto) kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na chakula. Pimeni kwanza. Homa isiyoshuka, kuchanganyikiwa au kutapika dawa ni safari ya hospitali. Nani ataendesha chombo siku hiyo? Rudini kwenye kazi tano za mwanzo.

Mwenzangu hawezi kusema na sijui redio. Niseme nini?

Andikeni haya kwenye karatasi ngumu, mlibandike pembeni ya redio, na kila mmoja ayasome kwa sauti mara moja kwa mwezi bila kubonyeza kitufe cha kusemea. Chaneli 16, nguvu ya juu, wati 25. Kama redio ina kitufe chekundu chini ya kifuniko, kishike sekunde 5 kwanza. Kisha:

MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hiki ni chombo (jina mara tatu). MAYDAY (jina mara moja). Tuko (soma latitudo na longitudo kama zilivyo kwenye GPS, au taja umbali na upande kutoka mahali panapojulikana). Mtu ameanguka baharini, au mgonjwa amezimia, au chombo kinazama. Tunahitaji msaada wa haraka. Tuko watu wawili. OVER.

Achia kitufe, hesabu mpaka kumi, sikiliza. Kimya, rudia. Redio yenye antena juu ya mlingoti hufika maili 10 hadi 15 kwa chombo kingine kidogo, na zaidi kwa meli au kituo chenye mnara. Ile ya mkononi, ya wati 5, hufika chache tu, basi usiitegemee ukiwa kwenye boti ndogo mbali na pwani. Kiswahili kinaeleweka kwa wavuvi na vituo vya mwambao huu. Sema lugha inayokuja haraka kinywani.